Kivoi Ndiye Alikuwa Ramani

Jina Kenya lilitoka Ukambani, yaani Kitui, Makueni na Machakos ya leo. Wagikuyu waliuita mlima Kĩrĩnyaga, Wakamba, Kĩĩnyaa. Mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf, aliusikia kwa Wakamba, basi tukabaki hapo.

Mwenyeji wake Kitui alikuwa Kivoi, tajiri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika hadi Mombasa. Kivoi ndiye aliyemweleza kuhusu mlima huo wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka, Krapf akauona. Wasomi wa Ulaya wakambishia: theluji penye ikweta, wapi!

Enyewe, Krapf bila Kivoi alikuwa amepotea. Mwaka 1851 msafara wao ulivamiwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa. Krapf alifika mtoni peke yake, hana kibuyu. Akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, kisha akatangatanga na kiu kurudi Kitui. Huko ndugu za Kivoi wakamlaumu kwa kifo hicho. Akatoroka usiku kuelekea Yatta.