Juu ya Kusafisha Maneno ya Vitabu vya Kale

Wazee husema, Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini mwandishi aliyejikwaa ulimi zamani, na kitabu chake kingali chasomwa shuleni, tumfanyeje? Tulifute neno lake baya na kuandika jingine la adabu, au tuliache kama alivyoliacha yeye? Swali hili si la jana. Yafaa kwanza tutazame walivyofanya waliotutangulia, ndipo tutoe shauri letu.

Katika Uingereza alikuwako tabibu, jina lake Thomas Bowdler, aliyezaliwa mwaka 1754. Katika utoto wake baba yake alikuwa akiwasomea watu wa nyumbani michezo ya kuigiza ya Shakespeare, na kila alipofika penye neno la aibu aliliruka kwa ustadi, hata wasikizaji wasitambue. Baadaye Bowdler akafikiri kwamba si kila baba ana ustadi ule. Basi mwaka 1807 kikatoka katika mji wa Bath kitabu kiitwacho The Family Shakespeare, yaani Shakespeare wa kusomwa nyumbani, chenye michezo 20. Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa ya dada yake, Henrietta Maria, walakini jina lake halikuandikwa. Maana ilikuwa aibu kwa bibi asiyeolewa kukiri kwamba ameyafahamu maneno aliyoyafuta. Mwaka 1818 Bowdler akatoa michezo 36 kwa jina lake mwenyewe.

Tusimcheke upesi. Kweli, jina lake limekuwa neno la dhihaka katika Kiingereza, la kumtaja mtu akatayekata vitabu vya wengine. Hata hivyo hakuficha alilolitenda: katika ukurasa wa kwanza alitangaza kwamba ameondoa maneno yasiyofaa kusomwa kwa sauti mbele ya jamaa. Tena wengi walimjua Shakespeare kwa mkono wake, ambao wasingalimjua kabisa. Ndiyo sababu mshairi Swinburne alimtetea mwaka 1894. Na mchezo wa Othello ulipomshinda, kwa kuwa ubaya wa maneno umefungamana na kisa chenyewe, alikiri hivyo, akashauri wasioutaka wauondoe sebuleni.

Lakini mkasi haujui kutosheka. Kazi yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1826 baada ya kufa kwake, ilikuwa historia ya Dola ya Rumi aliyoiandika Edward Gibbon. Humo hakuondoa machafu tu, aliondoa pia maneno ya Gibbon ya kuishambulia dini ya Kikristo. Hapa ndipo tunapoachana naye. Neno chafu ni jambo moja, na hoja ya mpinzani ni jambo jingine. Hoja hujibiwa. Ikikatwa haikujibiwa, na msomaji atakayekutana nayo mahali pengine atauliza kwa nini walimu wake waliiogopa.

Katika Marekani ugomvi ulikuwa wa namna nyingine, maana neno lililouleta halikuwa la aibu ya mwili, bali la kudharau watu. Kitabu cha Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, kilitoka London mwaka 1884, na Marekani mwaka 1885. Chasimulia habari za Huck, mtoto wa Kizungu, na Jim, mtumwa aliyetoroka, wakishuka mto Mississippi kwa chelezo. Mwaka ule ule wa 1885 maktaba ya mji wa Concord ilikikataa. Si kwa sababu watu weusi wametukanwa ndani yake, ila kwa sababu lugha yake ilionekana kuwa ya watu wasio na malezi. Tusi lenyewe, lililomo mara zaidi ya 200, halikuwaudhi mabwana wale. Zamu ya waliotukanwa kusikilizwa ilikawia. Mwaka 1957 wakuu wa elimu wa New York walikiondoa katika orodha ya vitabu vya shule zao za chini na za kati. Mwaka 2011 Alan Gribben, mwalimu wa chuo kikuu huko Alabama, alitoa chapa ambayo ndani yake tusi lile limegeuzwa kuwa “mtumwa”. Nia yake ilikuwa kukirudisha kitabu katika shule zilizokiacha.

Nia hiyo ni njema, lakini neno halitoshi. “Mtumwa” lataja hali ya anayetajwa. Tusi lataja moyo wa anayelitamka. Katika kitabu hicho baba yake Huck, mlevi asiyejua kusoma, amtukana mtu mweusi wa Ohio, mtu huru na msomi, mwenye haki ya kupiga kura kwao. Jina la mtumwa halimfai mtu huyo hata kidogo. Ukali wa habari wote umo humo: mlevi amwona msomi kuwa chini yake kwa ajili ya rangi tu. Tukilifuta tusi, tumemwosha mlevi kinywa, naye hakutubu.

Nasi wa Kiswahili tusidhani kwamba jambo hili ni la wageni. Katika maandishi ya kale ya pwani, watu wa bara waitwa washenzi. Na neno “mjinga”, ambalo kwetu leo ni mtu asiyejua, lilikuwa pia jina la mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara. Mtu akichapa upya maandishi hayo na kuweka “wenyeji” na “wageni”, atawapendeza wengi. Lakini mtoto atakayeyasoma hatajua kamwe babu zake walionwaje na wale waliowanunua. Mficha maradhi kilio kitamfichua.

Walakini upande wa pili una haki yake. Ni rahisi kumwambia mtoto astahimili tusi kwa ajili ya elimu, ikiwa anenaye hakutukanwa. Msomaji ataona kwamba hata sisi hatukuliandika lile neno la Marekani. Maana makala hii si ushahidi wa mwaka 1884, wala haina haja nalo.

Basi shauri letu ni hili. Kitabu cha kale kikichapwa kizima, kichapwe kama kilivyo. Kikifupishwa kwa ajili ya watoto, si kosa, mradi ukurasa wa kwanza useme wazi kilichoondolewa na aliyekiondoa, na kitabu kizima kizidi kupatikana. Mwaka 2023 wachapaji wa Roald Dahl katika Uingereza walibadili maneno ya vitabu vyake vya watoto. Watu wakalalamika, na baada ya siku chache wakaahidi kuyachapa ya asili pia. Hivyo ndivyo ingalifaa tangu mwanzo.

Na mwalimu, kabla ya kukifungua kitabu cha namna hii, awaambie wanafunzi ni neno gani watakalolikuta, nani alilitumia, na juu ya nani. Wala asimlazimishe mtoto kusoma kwa sauti tusi la watu wake mwenyewe. Penye neno hilo asome mwalimu, au wote wasome kimya.