Kilembe na Haki ya Kusema kwa Niaba ya Mali Iliyofilisika

Reli ilifika Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956 kwa ajili ya shaba; na kwa muda wa miaka ipatayo ishirini shaba iliyochimbwa Kilembe na kampuni ya Wakanada, chini ya milima ya Rwenzori, ilisafirishwa hadi Jinja ikayeyushwe huko, hata bei yake iliposhuka katika soko la dunia, serikali ikaitwaa kampuni katika zama za utawala wa Idi Amin, na vipuri vikaadimika, kazi ikadhoofu siku hata siku, na kufikia mwaka 1982 uchimbaji ulikuwa umekoma.

Mfanyabiashara wa Bwera, wilayani Kasese, akielemewa na madeni, sheria ya ufilisi ya mwaka 2011 inamjua vyema: shauri lisilozidi shilingi milioni 50 husikilizwa na Hakimu Mkuu, na kubwa zaidi hupanda Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kasese kwa muda mrefu ilikuwa Fort Portal; mali hukusanywa, wadai hupangwa kwa daraja, na mishahara ya wafanyakazi hutangulizwa mbele ya wadai wasio na rehani. Lakini Kilembe yenyewe ilibaki mikononi mwa serikali, ikakodishwa kwa kampuni ya Tibet Hima mwaka 2013, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa.

Ni nani basi mwenye haki ya kusema kwa niaba ya mali iliyoanguka? Suala hilo lilijibiwa Kampala tarehe 26 Agosti 2019, pale Jaji David Wangutusi wa Mahakama ya Biashara alipoitupilia mbali kesi ya shilingi bilioni 397 iliyofunguliwa kwa jina la Crane Bank dhidi ya mwasisi wake, Sudhir Ruparelia. Benki hiyo ilikuwa imetwaliwa na Benki Kuu Oktoba 2016, na Januari iliyofuata biashara yake ikahamishiwa benki ya dfcu. Jaji akaona kwamba benki iliyokwisha kuwekwa chini ya mpokezi wa mali haina tena uwezo wa kushtaki, na gharama za kesi akaitwika Benki Kuu yenyewe. Mahakama ya Rufaa iliithibitisha hukumu hiyo Juni 2020. Naiona kuwa hukumu ya haki, maadamu mamlaka makubwa nayo yamefungwa na maneno ya sheria kama mdeni yeyote.

Lakini Kilembe inao mdai ambaye sheria ya ufilisi haikumpangia daraja, nao ni mto. Mabaki ya madini yaliachwa kandokando ya mto Nyamwamba, na chungu kubwa huko Kasese, ambayo kiwanda cha kobalti kiliichakata tangu 1999 hadi 2013. Mwezi Mei mwaka huo mto ulifurika, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe, ukazoa mabaki hayo kuelekea mashamba na Ziwa George. Mkataba wowote wa kuufufua mgodi hauna budi kutanguliza gharama ya kuyazuia mabaki hayo, kabla ya ada ya leseni na faida ya mwekezaji.