Makali ya Sime ya Babu

Huko Lingeka, wilayani Meatu, yupo mzee mmoja aliyerithi sime kutoka kwa baba yake. Sime hiyo haikufuliwa Usukumani. Silaha za Wasukuma tangu zamani zilikuwa upinde na mkuki. Sime ilitoka mashariki kwa Wamasai, ikaingia katika mji ule kwa kubadilishwa na ng'ombe.

Mjukuu alipoishika alisikitika. Alipitisha kidole juu ya makali, kidole kisikatike. Kijana huyu amekulia kwenye video, ambamo upanga ukipita hewani hata unywele unagawanyika. Akaamua kwamba sime imezeeka. Akaipeleka mjini kwa fundi mwenye jiwe la umeme, cheche zikaruka, sime ikarudi inang'aa na kunyoa ndevu. Siku ya tatu akaikatia tawi la mgunga. Makali yakajikunja kama bati.

Wapo watakaosema kwamba silaha za zamani zilikuwa hafifu. La hasha! Kosa ni letu sisi tunaoupima upanga kama wembe.

Waingereza nao wana hadithi yao, kwamba Sultani Saladin alikata hariri kwa upanga mbele ya Mfalme Richard. Hadithi hiyo imo katika riwaya ya Walter Scott iliyochapishwa mwaka 1825. Saladin alikufa mwaka 1193, na wawili hao hawakupata kuonana ana kwa ana.

Mhunzi alijua mambo mengine. Makali membamba mno hupita vizuri kwenye nyama, lakini yakigonga mfupa au ngao humeguka. Kwa hiyo aliacha unene nyuma ya makali. Panga nyingi za Ulaya zilinolewa zaidi kuelekea ncha, mahali panapopiga, na nyingine ziliachwa butu karibu na mpini. Sime ya Kimasai ni nyembamba mpinini, kisha hupanuka kuelekea ncha. Uzito uko mbele, na ndio unaokata, kama shoka. Makali yanausaidia tu.

Watu wa pwani walizijua panga kwa majina: kitara, upanga wa imani, na upanga wa feleji, ule mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili. Baadhi ya panga ndefu za Oman zilitiwa mabapa yaliyotoka Ulaya, yakiwemo ya Solingen, Ujerumani. Katika ngoma ya razha, Mwomani huutikisa upanga wake mpaka bapa litetemeke. Upanga wa namna hiyo ulitakiwa upinde na urudi. Ndevu alinyoa kinyozi.

Na asidhani mtu kwamba chuma kizuri kilikuwa cha wageni peke yao. Mwaka 1978 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery juu ya tanuri za Wahaya, ng'ambo ya Ziwa kutoka kwetu. Tanuri zile za udongo na mivukuto zilitoa chuma cha pua.

Chuma cha pua hupata ugumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, na ugumu huo unaweza kuondoka. Jiwe la umeme likikisugua mpaka kikageuka rangi ya buluu, kimelainika. Sime nyingi za karne ya 20 zilifuliwa kutokana na springi za magari na tupa. Fundi yule aliona chuma chakavu, akakimaliza kwa dakika tano. Pamoja na makali zilifutika alama za nyundo zilizokuwa kwenye bapa, ambazo kwa mtu anayezijua zingeeleza sime ilifuliwaje. Pale Bujora, karibu na Kisesa, ipo Makumbusho ya Wasukuma inayotunza vitu vya wazee. Hakuna aliyekwenda kuuliza huko kabla ya cheche kuruka.

Mzee hakumkaripia mjukuu. Alisema tu, "Mwanawane, ile ilikuwa ya kuchinjia." Sime imerudi alani, na kijana amenunua panga dukani kwa ajili ya migunga.