Upasuaji wa mgongo: kwa nini wagonjwa hawaponi sawa

Watu wawili wanaweza kufanyiwa upasuaji ule ule wa uti wa mgongo, mmoja akarudi shambani mapema na mwenzake akabaki anatembelea fimbo. Mara nyingi sababu ni hali waliyokuwa nayo kabla ya upasuaji.

Neva iliyobanwa muda mrefu hupona polepole, na pengine isirudi kama zamani. Nikotini ya sigara na ugoro hupunguza damu inayofika kwenye mfupa, hivyo pingili zilizounganishwa huchelewa kushikana. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na huongeza hatari ya maambukizi. Kwa wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, mifupa iliyopungua uimara huenda isishike skrubu vizuri. Hofu na sonona nazo humfanya mtu aogope mazoezi, misuli ikalegea.

Umri huwezi kuubadili. Tumbaku unaweza kuiacha na sukari unaweza kuidhibiti kabla ya siku ya upasuaji. Mweleze daktari ukweli wote, pamoja na kazi unayofanya.

Miguu ikilegea ghafla, sehemu za siri zikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, hiyo ni dharura. Nenda hospitali mara moja.