Upinde wa Mvua Unaouzwa kwa Roli

Angalia stika za matatu zinazobadilika rangi ukisogeza kichwa. Ukiinama ni kijani, ukiinuka ni nyekundu. Ungedhani ni kazi ya rangi kali. Kumbe ni kazi ya mistari, mamia kwa kila milimita, na mwanga ukiigonga unatawanyika: nyekundu inapinda sana, bluu inapinda kidogo. Geuza CD juani uone mambo ni yale yale.

Hadithi hii ina hanchifu ndani yake. Mwaka wa 1785, Francis Hopkinson, mmoja wa waliotia sahihi Azimio la Uhuru wa Marekani, alimuuliza rafiki yake David Rittenhouse swali moja: mbona ukitazama taa ya barabarani kupitia hanchifu ya hariri unaona mistari ambayo haisogei hata ukisogeza kitambaa? Rittenhouse, fundi wa saa huko Philadelphia, akapanga nywele kama 50 sambamba kwenye skrubu mbili, akachungulia. Mwanga ukagawanyika rangi. Akachapisha alichoona, dunia ikapita tu. Miaka zaidi ya 30 baadaye, Joseph von Fraunhofer wa Ujerumani alianza kazi hiyo upya.

Halafu akaja Dennis Gabor, Myahudi wa Budapest aliyeondoka Ujerumani Hitler alipochukua mamlaka. Mwaka wa 1947, akiwa Rugby, Uingereza, alikuwa anatafuta njia ya kuboresha hadubini ya elektroni. Wazo lake: usinase mng'ao wa kitu peke yake, nasa mawimbi yenyewe ya mwanga, na picha itarudi na kina chake. Akaiita hologramu. Shida ni kwamba hakukuwa na mwanga uliotulia vya kutosha. Leza ilipatikana 1960, na Gabor akapewa Nobeli 1971.

Lakini hologramu nyingi bado zilihitaji leza ili zionekane. Mwaka wa 1968 Stephen Benton, akifanya kazi Polaroid, alikata shauri: akaacha kina cha juu-chini, akabakisha cha kushoto-kulia. Sasa balbu ya kawaida ilitosha. Baadaye mistari hiyo ikaanza kugongwa kwenye plastiki kwa bamba la chuma, kama muhuri, maelfu kwa maelfu. Mastercard waliiweka kwenye kadi 1983. Mwaka uliofuata, tai wa hologramu alikaa kwenye jalada la National Geographic.

Hapo ndipo mwanga ulipopewa kazi ya askari. Kadi iking'aa, tunaamini ni halali.

Shida ni kwamba leo karatasi hiyo ya plastiki inauzwa kwa roli. Fundi wa stika anakata vipande, anavigeuza kila kimoja upande wake, na kila kipande kinawaka kwa zamu. Jicho linaona picha inayocheza. Ni ufundi safi, ila si hologramu: hakuna kina, hakuna kitu kilichonaswa humo.

Kwa hivyo mtu akikuuzia chaja au manukato yenye kistika kinachometameta, usiishie kwenye mng'ao. Inamisha, tazama kama kuna picha ndani, kama kitu cha mbele kinasogea tofauti na cha nyuma. Mng'ao unathibitisha jambo moja tu: hapo pana mistari.