Njia za baiskeli: kutoka bonde la Loire hadi Mwadui

Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kuanzia tarehe 21 hadi 28. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika, nasi tuliyazungumzia sana studio. Baada ya kipindi kimojawapo tulipata ujumbe kutoka kwa msikilizaji wa Maganzo: "Nasikia Ulaya kuna barabara za baiskeli tupu, ndefu kama kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Ni kweli? Na sisi tutajengewa lini?"

Siku ile muda wa kipindi haukutosha. Katika makala haya tunajibu maswali yote mawili, kisha tunaeleza jambo ambalo msikilizaji wetu hakuliuliza: sehemu kubwa ya njia tunazozihitaji tayari tunazo, ila tunaweza kuzipoteza.

Ufaransa: njia ya mto Loire

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Loire ndio mto mrefu kuliko yote nchini Ufaransa, una zaidi ya kilomita 1,000. Njia ya baiskeli inayoufuata huitwa La Loire à Vélo, maana yake Loire kwa baiskeli, na ina urefu wa takriban kilomita 900. Inaanzia karibu na mji wa Nevers katikati ya nchi na kuishia kwenye bahari ya Atlantiki. Njia hiyo pia ni kipande cha njia ndefu zaidi, EuroVelo 6, inayotoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi, zaidi ya kilomita 3,500.

Ukiifuata Loire unapita miji ya kale: Orléans, Blois, Tours, Saumur, Angers na Nantes. Orléans ndio mji ambao Jeanne d'Arc, binti wa kijijini, alisaidia kuukomboa kutoka kwenye mzingiro wa Waingereza mwaka 1429. Si mbali na Blois kuna jumba la Chambord, ambalo mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519. Mwaka 2000 UNESCO iliingiza sehemu kubwa ya bonde hilo katika orodha ya urithi wa dunia.

Faida ya njia hiyo haiishii kwa watalii. Kuna nyumba za wageni na mafundi baiskeli waliopewa alama maalumu ya kuwakaribisha waendesha baiskeli. Ili nyumba ya wageni ipate alama hiyo, lazima isiwe mbali zaidi ya kilomita tano kutoka njiani, iwe na mahali salama pa kufungia baiskeli, na iwe na vifaa vya matengenezo madogo. Mama mwenye vyumba vinne vya kulaza wageni kijijini anapata wateja kwa sababu njia inapita karibu na mlango wake.

Hazikuanza kama njia za baiskeli

Wengi wetu hudhani kuwa Serikali ya Ufaransa ilichora ramani, ikaleta katapila na kufungua njia mpya kilomita 900. Sivyo. Sehemu kubwa ya njia hizo ni za zamani, zilizokuwa za kazi nyingine.

Kwanza ni matuta. Loire ni mto wa mafuriko, na kwa karne nyingi wakazi wake walijenga matuta marefu ya udongo na mawe ili maji yasiingie mashambani. Leo baiskeli hupita juu ya matuta hayo au pembeni yake.

Pili ni kingo za mifereji. Kusini mwa nchi upo mfereji wa Canal du Midi, uliochimbwa kati ya mwaka 1666 na 1681, wenye urefu wa kilomita 240. Boti zake zilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni. Farasi waliondoka, njia yao ikabaki, na sasa inapitwa na baiskeli. Vipande vyake vingine mpaka leo ni vumbi na mizizi ya miti, wala si lami.

Tatu ni reli zilizoachwa. Treni zilipoacha kupita katika baadhi ya njia, mataruma yaling'olewa na tuta lake likasawazishwa kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu.

Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa kuchimba. Kazi ilikuwa kukubaliana kwamba njia ya zamani isilimwe wala isijengewe, kuunganisha vipande, kuweka vibao, na kuamua nani atafyeka majani kila mwaka. Kwa njia ya Loire, mikoa miwili ndiyo iliyokubaliana kushughulikia jambo hilo pamoja.

Baiskeli za milimani na alama za rangi

Mbali na njia hizi tambarare, Ufaransa ina njia za baiskeli za milimani, zile ambazo kwetu tunaziita baiskeli za gia, zenye tairi pana la meno na shokapu mbele. Shirikisho la baiskeli la nchi hiyo huweka alama ya pembetatu na duara mbili juu ya miti na nguzo, na rangi yake inakueleza ugumu wa njia. Kijani ni rahisi sana, buluu ni rahisi, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ngumu sana. Mtoto akiona nyeusi anajua hapo si pake.

Alama kama hizo hazihitaji bajeti kubwa. Kopo la rangi na watu wanaoijua njia vinatosha kuanzia.

Jirani zetu wamefanya nini

Rwanda wana njia ya Congo Nile, kilomita 227 kandokando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, ikipitia Karongi. Anayetembea kwa miguu huhesabu siku kumi, wa baiskeli karibu tano. Sehemu kubwa ni barabara za vumbi na vijia vya vijijini ambavyo wakulima walikuwa wakivitumia tangu zamani.

Kenya wana hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Ni miongoni mwa hifadhi chache za wanyama ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Baiskeli hukodishwa karibu na lango, na vijana wa eneo hilo hujipatia kipato.

Na kwetu Shinyanga?

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa Shinyanga au Kahama baiskeli ni nini. Hapa baiskeli hubeba pamba, mkaa, magunia ya mpunga, madumu ya maji na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Hapa neno daladala, kwa wengi, ni baiskeli inayobeba abiria.

Njia zake pia zipo. Kuna mapito ya ng'ombe yanayoshuka kutoka vijijini hadi kwenye malambo. Kuna njia za kisimani, za mnadani, za shuleni. Kama mataruma yalivyoachia baiskeli njia kule Ufaransa, kwato za ng'ombe zimezisawazisha njia zetu kwa miaka mingi bila mtu kulipwa.

Na kuna mambo ya kuona. Old Shinyanga palikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o wakati wa Waingereza. Mwadui ndipo mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, alipogundua almasi mwaka 1940, na hapo ndipo ilipotoka almasi ya waridi ya mwaka 1947 aliyozawadiwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Njiani utaona ngitili, maeneo ya malisho na miti yaliyofufuka chini ya mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986. Hayo nayo ni historia, kama majumba ya Loire yalivyo kwao.

Udongo wetu una tabia zake. Luseni, yaani kichanga cha juu, humeza tairi jembamba wakati wa kiangazi. Mbuga, udongo mweusi wa mabondeni, ni mgumu kama sakafu mwezi Agosti, lakini mvua ikinyesha hugandamana kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma. Anayetunza njia bondeni lazima apange njia mbili: ya kiangazi chini, ya masika juu.

Njia hupoteaje?

Mwaka jana tulitoka kwa baiskeli kwenda kurekodi kipindi kijijini. Tulifuata njia tuliyoipita msimu uliotangulia, tukaikuta imelimwa. Katikati kulikuwa na dengu, mbele kukawa na senyenge. Hatukumlaumu mwenye shamba, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia kwamba pale pana njia ya watu wote. Tulirudi kwenye lami. Hatukumaliza kilomita mbili kabla lori halijatusukuma nje ya barabara, na mwenzetu akaanguka mtaroni na kinasa sauti mgongoni. Aliumia goti tu. Lakini kila asubuhi wapo watoto wa shule wanaopita lami hiyohiyo, wawili juu ya baiskeli moja.

Njia inapolimwa, baiskeli haziishi. Zinahamia kwenye lami, pamoja na malori na mabasi. Ndiyo maana suala hili tunalihesabu kuwa la usalama kabla ya kuwa la utalii.

Kijiji kinaweza kufanya nini

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya jumuiya, yaani ardhi ya matumizi ya wote. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji huidhinisha, na ardhi hiyo huandikwa kwenye daftari. Ikishaandikwa, haigawiwi mtu binafsi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 nayo inakipa kijiji nafasi ya kuchora mpango wake, na njia za mifugo zinaweza kuonyeshwa humo.

Hatua tunazopendekeza ni hizi:

1. Wazee, wafugaji na waendesha baiskeli watembee njia pamoja na kukubaliana inapita wapi na ina upana gani.

2. Suala liombwe kuingizwa kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria.

3. Njia ikikubaliwa, iandikwe na kuwekewa alama: minyaa, mkonge au mawe yaliyopakwa rangi.

4. Vijiji jirani wazungumze, kwa kuwa njia inayokufa mpakani haimfikishi mtu mnadani.

Tahadhari moja kwa wakazi wa karibu na migodi: njia isipitishwe ndani ya eneo la leseni bila ruhusa, wala pembeni ya mabwawa ya tope la mgodi. Novemba 2022 bwawa la namna hiyo lilibomoka Mwadui, tope likafunika mashamba na makazi.

Kabla hujatoka

Shinyanga ni nchi ya mbigili, hivyo beba viraka, solusheni na pampu. Kagua breki zote mbili na cheni. Chukua maji ya kutosha, maana kiangazi hakuna mto wa kutegemea hapa. Usiku washa taa ya mbele na uwe na kiakisi chekundu nyuma. Ukilazimika kupita lami, kaa kushoto kabisa na msifuatane wawili wawili.

Sasa tunarudi kwa msikilizaji wetu wa Maganzo aliyeuliza tutajengewa lini. Wafaransa wengi hawakujengewa. Walizuia njia za babu zao zisifutwe, kisha wakaziunganisha. Mkutano mkuu wa kijiji chako unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nenda, nyoosha mkono, uitaje njia kwa jina lake.