Kwa nini kwetu kila kidonge ni "kinini"

Hapa Mutanga Nord Mrundi akisema ikinini na Mkongomani akisema kinini, wote wawili wanamaanisha kidonge, hata kama ni cha kichwa tu. Jina hilo ni la dawa moja, kwinini, ile chungu ya malaria, ambayo ilifika mapema ikafunika majina ya nyingine zote. Tunaandika historia yake kwa sababu sehemu yake ni ya kwetu Kivu, na pia kwa sababu bado kuna wazazi kati yetu ambao mtoto akichemka wanakimbilia farmasi kuomba "kinini ya serumu". Wanaamini uchungu ndio nguvu.

Dawa yenyewe inatoka kwenye ganda la mti wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, mjini Paris, Pelletier na Caventou waliitoa ikiwa safi kutoka kwenye ganda hilo. Mwaka 1842 Gerhardt akaipika pamoja na potasi, akapata kimiminika cha mafuta-mafuta kilichoitwa kwinolini. Ajabu ni kwamba Runge alikuwa amekwisha kukipata mwaka 1834, tena ndani ya lami ya makaa ya mawe! Kitu kile kile, mmoja kakitoa kwenye mti, mwingine kwenye makaa.

Kwinolini ni pete mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu: kaboni 9 na naitrojeni 1 (ile tuliyofundishwa shuleni kwa Kifaransa kuwa azote). Wakemia wanaziita pete za aromatiki, kwa kuwa nyingi za kwanza zilikuwa na harufu. Elektroni zake zinazunguka pete nzima, ndiyo maana haivunjiki kirahisi. Basi wengi wakafikiri: kama pete iko kwenye lami, si tutengeneze kwinini bila mti? Perkin alijaribu London mwaka 1856, akiwa na miaka 18 tu. Akapata rangi ya zambarau ya nguo. Ilimtajirisha, lakini haikumponya mtu malaria.

Kwa hiyo mti ukabaki wa lazima. Waholanzi waliupanda Java mpaka karibu dunia nzima ikawategemea wao. Wabelgiji nao wakaupanda kwetu, kwenye milima ya Kivu. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, ganda la Kivu likawa mali ya vita. Baadaye kiwanda cha Pharmakina, pale Bukavu, kiliendelea kutoa kwinini hata katika miaka ambayo familia zetu zilikuwa zinakimbia.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamepata njia nyingine. Mwaka 1934 Andersag wa Bayer alitengeneza klorokini: pete ile ile ya kwinolini, na mkia wenye naitrojeni nyingine. Kimelea cha malaria kinakula damu yetu ndani ya kifuko chenye asidi. Naitrojeni inapenda asidi, kwa hiyo dawa inaingia mle na kujazana. Mabaki ya damu, ambayo kimelea huyageuza fuwele ili yasikidhuru, yanabaki sumu, na yanakiua.

Ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na watu waliimeza ovyo miaka mingi. Vimelea vikajifunza kuitoa nje ya kifuko. Burundi ililipa bei hiyo mwishoni mwa 2000 na 2001, malaria ilipopanda milimani, Kayanza, Ngozi, Karuzi, katikati ya vita. Wagonjwa walipewa klorokini, na kwa wengi ilikuwa haishiki tena. Mwaka 2003 nchi ikahamia artesunati pamoja na amodiakini. Na amodiakini ni nini? Ndugu wa klorokini, pete ni ile ile.

Artesunati ndiyo mgeni kabisa, haina naitrojeni hata moja. Utafiti uliotoka mwaka 2010, kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, Kongo na Rwanda zikiwemo, uliipima dhidi ya kwinini kwa malaria kali. Kwa kwinini walikufa asilimia 10.9; kwa artesunati 8.5. Haina uchungu wa kusifiwa wala masikio kulia "nziii" siku nzima, lakini inaokoa zaidi.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mama akiomba serumu ya kinini msimcheke. Anaomba dawa iliyomponya bibi yake. Mwelezeni hizo namba mbili. Na sisi vijana tumpeleke mtoto apimwe damu kwanza, siku hiyo hiyo homa inapoanza. Artesunati ikikosekana pale kituoni, kwinini bado inatumika, ila muuguzi ndiye anayepima kiasi, maana inaweza kushusha sukari ya damu ya mtoto ghafla.